Maswali ya Wasomaji: Kiti cha pweza kwenye tenki, Mjomba unasemaje?

Mwezi huu sijui mmepangana au vipi, barua karibu zote zinauliza kiti cha pweza, na si kiti cha pweza chochote, ni kile kikubwa cha kijivu chenye vipembe vyekundu. Wengine mnakiita nyota ya bahari, wengine samaki nyota japo usamaki hana hata wa kusingiziwa. Mi nitabaki na kiti cha pweza maana ndivyo nilivyokuta wazee wanaita, ingawa miaka yote niliyozamia sijawahi kumkuta pweza kakikalia. Nimechagua barua tano.

*Shikamoo Mjomba. Mwanangu wa kiume alienda Diani na wenzake akarudi na ndoo, ndani kiti cha pweza kizima kabisa, kikubwa kama sahani ya pilau, kijivu alafu kina vipembe vyekundu vimeunganishwa na mistari kama wavu. Ati kauziwa na kijana wa ufuoni. Sisi tuna tenki la maji ya chumvi la lita 120, lina nemo wawili, kamba mmoja, na matumbawe laini ambayo babake aliyanunua kwa bei sitaki hata kuitaja. Kimelala kwa ndoo usiku mmoja na kipampu cha hewa. Nikitie tenkini? – Mama Rehema, Nyali*

Marahaba mama. Hii yako ilibidi nikujibu kwa simu siku ileile, mnyama wa ndoo hasubiri gazeti lichapwe, ila naiweka hapa kwa sababu wengi mko njia hiyohiyo. Usikitie. Na kirudishwe baharini leo.

Huyo kitaalamu anaitwa Protoreaster linckii na ni mwenyeji wetu kabisa, kuanzia Kenya kushuka Tanzania, Msumbiji, Madagaska, mpaka huko mashariki ya Bahari ya Hindi. Anakaa kwenye mchanga na majani ya bahari, maji mafupi, ndio maana maji yakipwa watu wanamkuta kirahisi. Akikua vizuri anafika sentimita 30 kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ncha ya ule wa upande wa pili. Sasa lita 120 kwa mnyama huyo ni kama kufuga ng'ombe barazani, atageuka mara mbili tenki limeisha. Mi simshauri mtu chini ya lita 400, na hizo lita 400 ziwe za chini pana, si tenki refu la kwenda juu, maana huyu ni mtu wa sakafuni.

Lakini hata ungekuwa na lita 1,000 shida yako ni hayo matumbawe ya baba Rehema. Unaona tenki zuri, mwenzio anaona meza ya futari imeshaandaliwa. Anakula matumbawe laini, sponji, chaza, konokono wanaotembea polepole, wale minyoo wanaokaa ndani ya vimirija, anakula hata viti vya pweza vingine vidogo. Na anavyokula hutaki kumuonyesha mgeni. Mimi zamani nilikuwa na mmoja, nikimwekea kipande cha ngisi karibu na mkono mmoja, kwanza ile ncha inanyanyuka kidogo, pale kwenye ncha kuna kidoa chekundu ndicho kijicho chake, kinatofautisha mwanga na giza. Alafu anasogea taratiiibu kwa vile viguu vyake vidogo vya chini, mamia kwa mamia, anakipanda kile kipande, anajikunja mgongo kama mtu kaficha kitu chini ya shuka. Hapo kashatoa tumbo nje. Ndiyo, tumbo lenyewe linatoka mdomoni linafunika chakula na kukiyeyusha hukohuko nje, likimaliza anavuta ndani. Ukimnyanyua baada ya saa chache ngisi hayupo, au kimebaki kiutando. Sasa weka badala ya ngisi tumbawe la bei ambayo hutaki kuitaja.

Kuhusu kukirudisha: bahati yako ni kwamba hakijaguswa na maji ya tenki. Mnyama aliyeshakaa na samaki wa dukani sishauri kabisa arudishwe baharini, unaweza kupeleka ugonjwa ambao bahari yetu haiujui. Ila huyu wa ndoo hana neno. Nilimwambia mama aende sehemu yenye majani na mchanga, aingie mpaka maji ya kiuno, aitie ndoo maji ya bahari kidogo kidogo kwa muda mrefu, maana yale ya ndoo yamelala yamebadilika joto na chumvi, alafu azamishe ndoo yote ndipo amtoe, mdomo chini, vipembe juu. Alinitumia video. Kilikaa kama kimekufa robo saa nzima huku kijana anakaribia kulia, alafu mkono mmoja ukajikunja, kikaanza safari.

Na huyo kijana wako mwambie pia, ndani ya hifadhi kama Watamu, Malindi au Kisite hairuhusiwi kuokota chochote, hata kombe tupu, na nje ya hifadhi kukamata wanyama wa mapambo kwa biashara kunataka leseni. Muuzaji wa ufuoni hakwambii hayo.

*Mambo Mjomba. Mi nipo Mwanza, nina tenki lenye sato wadogo na kambale mmoja. Nikitafutiwa kiti cha pweza kutoka Dar kikasafirishwa fasta, je kitazoea maji ya ziwa polepole? – Juma*

Poa Juma. Hapana, hata ukimzoesha mwaka. Kiti cha pweza cha maji baridi hakipo duniani, si ziwa Victoria, si Tanganyika, si popote, ukoo wake wote ni wa chumvi pamoja na majongoo bahari. Sababu ni kwamba mwilini hana damu kama wewe, ana maji ambayo chumvi yake ni sawa na ya bahari iliyomzunguka, na hana figo za kurekebisha. Ukimtia maji ya ziwa yanamuingia mwilini mpaka chembechembe zake zinavimba. Baki na sato wako, na huyo kambale akikua atakula sato, hilo pia hujaniuliza lakini nakwambia.

*Assalaam alaykum Mjomba. Sisi huku Jambiani tunalima mwani, na hivi viti vya pweza tunavikuta kwenye kamba karibu kila tukishuka. Wenzangu wanasema vinakula mwani wetu, mmoja anavikata vipande anavitupa. Alafu wageni wakija wanavinyanyua juu kupiga picha, vinakaa juani. Vyote hivi ni sawa? – Saida*

Wa alaykum salaam Bi Saida. Nianze na huyo wa kukata, maana hapo kuna imani moja iliyozidishwa. Wapo wanaosema ukikata vipande vitano unapata viti vitano. Wapo jamaa zake wanaoweza hiyo kazi, wale wembamba wa jenasi (yaani kundi la jamaa wa karibu) ya Linckia, baadhi yao mkono mmoja peke yake unaota mwili mzima. Huyu wenu wa vipembe sivyo, akipoteza mkono anaotesha mwingine kwa miezi kama sehemu ya katikati iko salama, lakini mkono ulioutupa pembeni unaoza. Kwa hiyo mwenzako hazidishi viti vya pweza, anaviua tu, na faida hapati.

Kuhusu mwani, mwenye meno ni tasi, hilo mnalijua kuliko mimi, tasi anaukata mwani kama mbuzi. Na mwani mkiuona umepauka unakatika wenyewe hiyo ni maji ya moto na maradhi yake. Kiti cha pweza kikipanda kamba kinachokivutia zaidi ni ule utando unaoota, sponji ndogo, na vijidudu vilivyonasa. Kikikukera kishushe pembeni, ndani ya majimaji, basi.

Na ndani ya majimaji ndiyo jibu la wageni. Hana mapafu hana mashavu ya samaki. Anapumua kwa vile viguu vyake na kwa vijinyama laini vidogo vinavyochomoza kwenye ngozi ya mgongo, ukimtazama kwa makini chini ya maji utaona kama ana manyoya mafupi mafupi. Akitolewa juu vijinyama vile vinanywea, hewa hapati, jua la saa saba linamkausha, na mgeni anasema "moja tena, moja tena" simu ikiwa bado haijafunguliwa. Waambie wapige picha chini ya maji, ni nzuri zaidi, rangi nyekundu inatoka vizuri. Kama wanataka mchezo, waangalie huyu: kikipinduliwa na wimbi kinajigeuza chenyewe, kinakunja mikono miwili kushika mchanga, kinajivuta kama mtu anayetoka kitandani na mgongo unamuuma, mara paa, kimekaa sawa. Sisemi mkipindue kusudi, nasema mkikikuta.

Ah, na wakikigeuza upande wa chini wanaweza kuona kijikamba kidogo kuliko ukucha, chekundu kufuata rangi ya mwenyeji wake. Ni mpangaji, anaishi hapohapo. Mi ilinichukua miaka kumuona wa kwanza, nilikuwa nadhani ni kipande cha kiti chenyewe.

*Kaka habari, nipo Hamburg, nimekulia Tanga. Duka moja la samaki huku waliniuzia kiti cha pweza, kikaandikwa "linckia" na kwamba kimetoka Kenya, nikakinunua kwa hamu ya nyumbani tu. Nilisoma kwamba linckia hawasumbui matumbawe, wanalamba utando wa mawe. Sasa wiki ya tisa, hakijawahi kugusa tumbawe kweli maana nimekitenga, lakini kimekuwa laini, katikati pamebonyea, na ncha ya mkono mmoja imekuwa nyeupe. Maji yapo sawa, chumvi 1.025, joto 25. Nimekosea wapi? – Athumani*

Nzuri kaka, pole. Kosa la kwanza si lako, ni la jina. Kulikuwa na mwenye duka la dawa wa Leipzig, hapohapo Ujerumani, Johann Heinrich Linck, mwaka 1733 akatoa kitabu kizima cha viti vya pweza. Waliokuja baadaye wakamuenzi mara mbili: kuna jenasi nzima inaitwa Linckia, mwenye sifa humo ni yule wa buluu laini kama bomba la plastiki, na kuna huyu wetu wa vipembe ambaye jina lake la pili ni linckii. Muuzaji akishika jina nusu anakuuzia mnyama mmoja na maelezo ya mwingine. Yako ina vipembe vyekundu, si ndio? Basi ni Protoreaster linckii, mla nyama, na we umekaa wiki tisa unasubiri alambe mawe. (Na hata yule wa buluu nisikudanganye, kwenye matenki mengi naye anakufa njaa.)

Kaka anakufa njaa huyo. Na njaa yake ndio inayodanganya watu wengi, mimi mwenyewe ilinidanganya, kwa hiyo niache nieleze vizuri. Ndani ya kila mkono ana jozi ya tezi ndefu za kumeng'enyea chakula, na hizo hizo ndizo ghala lake. Akikosa chakula hafi kesho wala mwezi ujao, anajila ghala. Anatembea, anapanda kioo, rangi yake nzuri, we unasema huyu kazoea. Wangu nilikaa naye miezi minane najisifu kwa kila mgeni, nilikuwa namtupia chakula cha samaki cha vijiflake nikidhani anaokota vinavyoanguka. Mwezi wa nane katikati pakashuka kama tairi lililotoboka, ncha zikapauka, siku tatu baadaye mkono ukafunguka kama mkate uliolowa na tenki lote likanuka. Nilipompasua baada ya kufa mikono ilikuwa mitupu, ngozi na mifupa midogo, ndani hamna kitu. Ilikuwa njaa ya miezi minane. Tangu hapo mtu akiniambia "wangu ana miezi mitatu na yuko poa" namuuliza tu anakula nini.

Kwako wiki tisa bado kuna nafasi, sitaki kukuahidi. Fanya hivi leo. Chukua kipande cha kamba mbichi, ngisi au nyama ya chaza, kisiwe na chumvi wala viungo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Usimtupie. Mnyanyue kidogo hapohapo ndani ya maji, uweke kipande chini yake palepale mdomoni, umshushe juu yake. Akijikunja mgongo, alhamdulillahi, tumbo limetoka. Mwache, usimchungulie chungulie, ukimnyanyua anakatiza. Samaki wengine wakija kumnyang'anya mfunike na kikapu cha plastiki chenye matundu. Mara ya kwanza anaweza kukataa, rudia jioni. Akianza kula mpe mara mbili hadi tatu kwa wiki, na kila mara toa kilichobaki maana amonia ikipanda utakuwa umemuokoa njaa ukamuua na sumu.

Ile ncha nyeupe iangalie kila siku. Ikibaki hapohapo na akiwa anakula inaweza kupona. Ikipanda kuelekea katikati na nyama inaachana, mhamishe tenki la pembeni kabla hajachafua lote. Usiweke dawa ya shaba kabisa, hizo dawa za vimelea vya samaki nyingi zina shaba, samaki anapona, kiti cha pweza kinakufa. Soma kibandiko.

Umesema maji yapo sawa, sawa, lakini hujaniambia siku ya kwanza ulimuingizaje. Ukimmwaga tu kutoka mfukoni kuingia tenkini ile tofauti ya chumvi peke yake inaumiza, na madhara yanatokea wiki baadaye ukiwa umeshasahau. Mwili wake unaendeshwa na maji: mgongoni pembeni kidogo ya katikati utaona kidoa cheupe kama kifungo, hicho ni chujio, maji ya bahari yanaingia hapo yanasambaa kwenye mirija ya ndani mpaka kwenye viguu, presha ya maji ndiyo inayovisukuma, kama jeki ya gari inavyotumia oili. Sasa ukibadilisha maji ghafla umebadilisha mashine nzima. Siku nyingine ukinunua mnyama wa aina hii tumia kile kimpira chembamba cha hewa, kifunge fundo, acha maji ya tenki yadondoke tone tone kwenye ndoo yake kwa muda wa saa tatu au nne. Na mfuko ufunguliwe chini ya maji. Sisi tuliokuwa tunakamata kwa ajili ya kusafirisha tulikuwa tunawatia mifukoni hukohuko chini, hawaonjeshwi hewa kabisa.

Kuhusu kama anafaa kufugwa: kaka, tenki la lita 400 na zaidi, lenye mwaka mzima limetulia, mchanga chini, hamna matumbawe laini, hamna chaza, samaki wasiong'ata (bunju na kikande usiwaweke naye, watamtafuna ncha), na mtu wa kumlisha kwa mkono kila wiki hata ukiwa likizo. Ukiwa navyo vyote hivyo anaweza. Ukikosa kimoja mi nasema mwache dukani, ingawa najua ukimuona pale na kibandiko cha Kenya moyo unakwambia umchukue, mimi ningemchukua pia pengine.

*Mjomba, kijana wangu kakanyaga kiti cha pweza chenye miiba kwenye mwamba, mguu umevimba. Wote tunajua kiti cha pweza hakina sumu, hii imekuwaje? – Bakari, Pangani*

Bakari, pole na mguu. Huyo si wa vipembe. Vipembe vyekundu ni butu, havina sumu, mtoto anaweza kumgusa. Aliyemkanyaga yaelekea ni kiti cha pweza kingine, kitaalamu anaitwa Acanthaster, naye ni mkubwa, ila mhesabu mikono: wa vipembe ana mitano, huyu ana kumi na kuzidi, inaweza kufika ishirini na kitu, na mwili mzima miiba mirefu yenye sumu. Ndiye anayekula matumbawe magumu na kuyaacha meupe, wakizidi sehemu moja wanamaliza mwamba, kule kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, walinzi wa hifadhi huwaondoa kwa mkono.

Mguu uloweke kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, wewe ndiye ujaribu kwa mkono wako kwanza maana mguu wenye maumivu haujui joto, nusu saa hadi saa moja na nusu. Mwiba unaoonekana toa kwa kibano polepole, unavunjika upesi. Uliobaki ndani usiuchimbe na sindano ya nguo, nenda naye hospitali leo, hasa kama uvimbe unapanda au ana homa au anatapika, na uwaambie ni mwiba wa baharini. Waulize na sindano ya pepopunda.

Yule wa Kigamboni aliyeuliza bunju wake kukataa kula, nimeona, ila nitumie kwanza picha ya meno yake akiwa amefungua mdomo, mwezi ujao nitakujibu.